Je, Mwani Ni Chakula au Ni Zao la Kuuza Tu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa Mkinga, Tanga, na pamoja na wenzangu ninalima mwani. Tunaukausha na kumuuzia mnunuzi anayeusafirisha ng'ambo, lakini bei ni ndogo mno. Je, mwani huu unalika? Na kwa nini ule wa aina ya kotoni, ambao una bei nzuri zaidi, unatufia?

JIBU: Mama, mwani wenu unalika, na nasikitika kwamba wakulima wengi wameuvuna kwa miaka mingi bila kuuonja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na tangu siku hiyo zao lililenga soko la nje. Kinachotafutwa huko ni karajinani, utomvu wa mwani unaotumika kugandisha na kulainisha aiskrimu, maziwa ya chokoleti, nyama za makopo na dawa ya meno. Kilo 1 ya mwani mkavu hutokana na kilo 7 au 8 za mwani mbichi, ambazo mmezifunga, mmezipalilia na kuzibeba kichwani. Kwa hiyo anayeuza mkavu peke yake huuza jasho jingi kwa fedha kidogo, na faida kubwa humwendea anayesindika.

Wafilipino huuchovya mwani mbichi katika maji ya moto kwa muda mfupi, kisha huukatakata na kuuchanganya na siki, vitunguu na nyanya, yaani kachumbari. Mkavu uoshwe mchanga na chumvi, ulowekwe katika maji baridi hadi uvimbe, kisha uchemshwe taratibu mpaka uyeyuke. Uji wake mzito, ukishachujwa, hutiwa katika sharubati ya ukwaju, jemu au maziwa; wa kotoni huganda ukawa mgumu, na wa spinosi, ile aina nyingine mnayolima, huwa laini. Una nyuzinyuzi na madini, yakiwemo madini joto, ambayo yakizidi yanaweza kudhuru. Kwa hiyo uliwe kwa kiasi, na mwenye maradhi ya tezi ya shingo amwone daktari kwanza. Usivunwe karibu na mifereji ya maji machafu, na uanikwe juu ya chanja badala ya mchangani, jambo ambalo hata mnunuzi hulipenda.

Zanzibar wako akina mama waliokwishaingia katika usindikaji, wakausaga mwani kuwa unga na kuutengenezea sabuni, na hata spinosi ya bei ndogo huwafaa kwa kazi hiyo. Naona kikundi chenu kianzie hapo.

Ama kotoni, haivumilii joto. Maji yanapokupwa, yale machache yanayobaki juu ya shamba hupata moto kwa jua, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na magugu ya baharini huyasonga. Njia inayosaidia ni kuuhamishia kwenye kina kirefu, kwa kamba zinazoelea au nyavu zenye umbo la bomba, njia ambayo mtafiti Flower Msuya wa Zanzibar ameisimamia. Lakini huko panahitaji mashua na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea, kwa hiyo mafunzo hayo yatangulie mashua. Mkiwa tayari, wekeni kamba chache tu za kotoni kwanza, mzitazame msimu wa joto wote, na spinosi iendelee kwenye vigingi vyake vya zamani.