Re: Kila nchi ing'oe migomba yake, ushirikiano wa nini?

Ndugu, umeuliza kwa nini mnyauko wa migomba usimalizwe na kila nchi kivyake. Ugonjwa huu huletwa na bakteria, naye hajui mpaka. Alitambuliwa kwanza Ethiopia, miaka ya 1960. Mwaka 2001 akaonekana Uganda, na baada ya hapo akafika Kongo, Rwanda, mkoa wa Kagera nchini Tanzania, Kenya na Burundi. Nyuki na wadudu wengine humbeba kutoka ua dume (lile linaloning'inia chini ya mkungu) la mgomba mgonjwa, na sisi wenyewe tunambeba kwenye machipukizi na panga. Kagera ikisafisha mashamba huku ng'ambo ya Mutukula, mpakani na Uganda, yameachwa, kazi inarudi mwanzo.

Halafu kuna suala la maarifa, na hapa ndipo naona faida kubwa zaidi. Zamani mkulima aliambiwa ang'oe kundi zima la migomba, yaani mgomba mama na machipukizi yake yote. Wengi waligoma, na siwalaumu, maana ndicho chakula cha nyumbani. Utafiti uliofanyika Uganda na Kongo ulionyesha kuwa si kila chipukizi huambukizwa, hivyo unaweza kukata ule mgomba unaoumwa tu, usawa wa ardhi, ukarudia kila unapoona mwingine. Ushauri huo sasa unatumika nchi jirani pia.

Kwako shambani: vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara kichane cha mwisho kikitoka, usitumie kisu. Panga lipitishe kwenye moto au dawa ya madoa kama Jik kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ukikata tunda ukaona kahawia ndani, mwite bwana shamba siku hiyohiyo.