Kabla ya Kukodisha Chumba cha Pili

Wengi wanaonijia kuuliza namna ya kuanzisha shule ya jamii mtaani huanza na pesa. Mimi huwauliza kwanza: mtoto wa darasa lako la juu kabisa, Januari ijayo ataenda wapi?

Mimi sikujiuliza. Tulianza mwaka 2014 Mukuru kwa Reuben, Nairobi, chumba kimoja cha mabati, watoto 17 wa chekechea. Mwaka ulipoisha, akina mama walisimama mlangoni: "Mwalimu, sasa tuwapeleke wapi?" Shule ya umma ilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori na madarasa yake yalikuwa yamefurika. Tukakodisha chumba cha pili. Mwaka uliofuata, cha tatu. Hakuna kikao kilichowahi kuamua kwamba tutakuwa shule ya msingi. Watoto walikua, nasi tukawafuata.

Kila darasa jipya lilidai mwalimu, vitabu na sufuria kubwa zaidi ya uji, ilhali karo ilibaki shilingi 30 kwa siku, inayolipwa asubuhi na mzazi aliyepata kibarua jana yake. Mvua ikinyesha siku tatu, kazi ya mjengo husimama, karo nayo husimama, na mwalimu ana watoto wake nyumbani.

Machi 2020, shule zote nchini zilipofungwa kwa sababu ya korona, tulikuwa na vyumba saba. Kodi haikungoja. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, walimu watatu walikuwa wamerudi mashambani kwao, na katika vyumba vitatu walikuwa wakiishi familia nyingine. Nililia, nakiri. Kisha tukakubaliana na wazazi: chekechea hadi Gredi ya 3, basi. Tuko hapo hadi leo, na walimu hulipwa kila mwezi.

Kwa hiyo amua shule yako itaishia wapi kabla hujaifungua, na uwaambie wazazi siku ya kwanza. Halafu tengeneza njia ya kutokea. Usingoje Desemba, nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya umma mapema, mwambie una watoto wangapi wanaokuja na wanasoma vipi. Mimi huenda mwezi wa sita.

Vyeti vya kuzaliwa vianze kushughulikiwa mtoto akiwa bado chekechea. Nilidhani hiyo ni kazi ya mzazi, mpaka msichana wetu mmoja mwerevu sana akakwama kuandikishwa kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, kwa kukosa hicho cheti. Mama yake alimzalia nyumbani, na karatasi zilichukua miezi. Sasa tuna daftari la vyeti kando ya daftari la karo.

Usajili nao usiuogope. Serikali ina sera ya shule kama zetu, zinazoitwa APBET, yaani za elimu ya msingi kwa njia mbadala, tangu 2009, na mwongozo wa kuzisajili ulitoka 2015, kwa kutambua kwamba mtaani huwezi kupata ekari za ardhi. Mwone afisa wa elimu wa kaunti ndogo mapema. Afisa wa afya ya umma atakagua vyoo na maji. Anza na choo, hata kama rangi ya ukuta itangoja mwaka mzima.

Novemba hii tuna watoto 22 wa Gredi ya 3. Wote wana vyeti, isipokuwa wawili, na Jumatatu nitawasindikiza mama zao Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kufuatilia vyeti hivyo.