Kuwatembeza wageni wa meli kwa usafiri wa umma Dar es Salaam: ushauri kwa waongoza watalii wapya

Ninyi mnaoanza kazi ya kuwapokea watalii wanaoshuka melini katika bandari ya Dar es Salaam mtakutana na mgeni ambaye hataki ziara iliyouzwa ndani ya meli, bali anataka kuuona mji kwa daladala, mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) na pantoni (kivuko) kama wanavyosafiri wakazi wake. Ni mgeni mzuri, kwa kawaida msikivu na mwenye maswali mengi, lakini anabeba hatari ambayo wenzake hawana. Aliyenunua ziara ya meli akikwama kwenye foleni, kwa kawaida meli humsubiri au kampuni hugharimia kumfikisha bandari inayofuata; aliyetoka kivyake hasubiriwi. Kwa hiyo siku yake ipangeni kuanzia saa ya kurudi, mkirudi nyuma hatua kwa hatua hadi asubuhi, wala msianze kwa kuorodhesha vivutio.

Muulizeni saa ya mwisho ya kupanda melini, ambayo hutangulia saa ya kung'oa nanga kwa nusu saa au zaidi, na hiyo ndiyo muifanyie kazi. Muulizeni pia kama saa ya meli imelinganishwa na yetu, kwa sababu meli inayotoka Durban au Maputo imetoka kwenye majira yaliyo nyuma yetu kwa saa moja, na inayotoka Port Louis au Victoria ya Shelisheli imetoka kwenye majira yaliyo mbele kwa saa moja, na si kila nahodha hubadilisha saa za melini kwa ajili ya siku moja ya bandarini. Kama karatasi yake imeandikwa 16:30, mwambieni kuwa kwetu hiyo ni saa kumi na nusu, halafu mlinganishe saa zenu papo hapo langoni. Msiahidi kuanza mapema mno: uhamiaji huchukua muda, na kwa kuwa bandari yetu ni ya mizigo, abiria hawaachwi watembee kwa miguu katikati ya makontena bali hupelekwa kwa gari hadi nje. Meli ikifunga gati saa moja asubuhi, mimi huhesabu kuwa safari inaanza saa tatu.

Baada ya hapo, nendeni mbali kwanza. Asubuhi foleni ya Dar es Salaam huelekea mjini, na jioni hutoka mjini, maana yake mgeni anayetoka Kivukoni, kando ya bandari, saa tatu kwenda kituo cha Makumbusho au Mwenge anakwenda kinyume na umati, anapata kiti, na basi halijazi watu mlangoni. Akiwa ameanza kurudi saa saba au saa nane bado yuko kinyume na umati. Kuanzia saa kumi hesabu hiyo huharibika, na kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi inaharibika vibaya hata baada ya Daraja la Tanzanite kufunguliwa mwaka 2022.

Daladala inahitaji maandalizi kuliko mnavyodhani, kwa sababu tumeizoea hadi hatuioni tena. Mwonyesheni mgeni kibao cha mbele chenye majina ya vituo viwili vya mwisho na mstari wa rangi ubavuni unaotambulisha njia. Mwambieni mapema kuwa konda atakusanya nauli gari likiwa linakwenda, na kwamba noti zilizokunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole vyake ndizo kasha la fedha. Mgeni anayetoa noti ya shilingi elfu kumi kwa safari fupi atangoja chenji hadi karibu na kituo chake, na pengine ataisahau. Mkikaa, mwambieni konda mnashuka wapi na mko wangapi. Jambo la kuangalia zaidi ni safari ya kurudi, kwa kuwa wapo madereva wanaokatisha ruti: gari limeandikwa Kivukoni, lakini mbele kidogo konda anatangaza kuwa linageuza, kwa sababu abiria wa kutoka mjini ndio wenye faida kwake. Wekeni dakika zisizopungua arobaini za akiba kwa ajili hiyo pekee, na mjue mnaposhushwa ni gari gani la kuunganisha.

Mwendokasi, ulioanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, una njia yake wenyewe na hukadirika vizuri zaidi. Mlango wake uko usawa wa sakafu ya kituo, jambo linalomfaa mgeni mzee mwenye magoti mabovu ambaye ngazi za daladala aina ya Coaster zingemshinda. Kutoka Kivukoni unaweza kufika kituo cha Morocco, kisha ukachukua bajaji hadi Makumbusho ya Kijiji, yaliyofunguliwa mwaka 1967, yenye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Lakini ratiba na njia hubadilika, na mvua kubwa zikifurika bonde la Jangwani, inakopita njia hiyo, huduma huvurugika, kwa hiyo pandeni wenyewe siku moja kabla ya meli kufika. Anayetegemea alivyopanda mwezi uliopita anabahatisha.

Pantoni ya Kigamboni ndiyo wanayoipenda wageni, na ndiyo inayonipa wasiwasi. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Muda unaliwa na kusubiri, maana mkondo ule ndio mlango wa bandari, na meli kubwa ikiingia au kutoka pantoni husubiri. Mgeni akizidiwa na saa akiwa upande wa Kigamboni, msimpange tena kwenye foleni ya pantoni. Mtafutieni bajaji au teksi ipite Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo humtoa Kurasini, jirani kabisa na bandari. Na pale Magogoni kamera ikae mfukoni: Ikulu iko hapo hapo.

Saa mbili za mwisho zibakie kwenye maeneo ambayo mgeni anaweza kurudi langoni kwa miguu. Yapo ya kutosha: Boma la Kale la enzi za Sultani Majid bin Said, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Kanisa la Kilutheri la Azania Front, Mnara wa Askari wa mwaka 1927, na Makumbusho ya Taifa yanayoeleza habari za Zinjanthropus, zamadamu wa kale ambaye Mary Leakey alimgundua Olduvai mwaka 1959. Mimi huacha soko la samaki mwisho kabisa, ingawa mgeni hurudi na harufu yake melini.

Kuhusu malipo, tozeni kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mgeni abadilishe dola kwenye duka la kubadilishia fedha kabla hamjaanza. Wageni wakizidi wanne, msiwapandishe daladala moja. Mtawapoteza wakati wa kushuka.

Kabla hamjaondoka langoni, mgeni awe na namba ya wakala wa meli hapa bandarini, ambayo hupatikana kwenye karatasi ya ratiba ya siku. Meli ikimwacha, wakala ndiye wa kwanza kupigiwa, kwani pasipoti iliyokuwa imehifadhiwa melini mara nyingi huachwa kwake. Ikiwa bandari inayofuata ni Zanzibar, boti za kasi hutoka Barabara ya Sokoine na huchukua takriban saa mbili, lakini ya mwisho huondoka alasiri, kwa hiyo atalala mjini na kuvuka kesho yake asubuhi, akiwa na pasipoti mkononi.