Kadi ya mkopo: nikilipa kabla riba haijaanza, nina kosa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nasoma mwaka wa pili chuoni hapa Mbeya, na jioni nauza vifaa vya simu Mwanjelwa. Benki imenipa kadi ya mkopo, nami nimeinunulia kompyuta mpakato ya shilingi 1,200,000. Nimeambiwa nikirejesha yote ndani ya siku 45 sitozwi riba hata senti. Nikiwa makini na tarehe, nina kosa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Mwanangu, kadi si zote sawa. Ile ya kutolea pesa kwenye akaunti yako haina neno, maana kinachokatwa ni chako. Hii yako ni nyingine: benki humlipa muuzaji, wewe ukabaki mdaiwa wa benki.

Kukopa kwenyewe si haramu. Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake, yaani vazi lake la chuma la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri, kama ilivyo katika hadithi za Bukhari. Tatizo ni mkataba uliousaini. Humo umekubali kwamba ukichelewa utaongeza, na hiyo ndiyo riba ya zama za ujahiliya, kabla ya Uislamu, mdai alipokuwa akimuuliza mdaiwa: unalipa au unaongeza? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, liliamua kuwa kadi ya namna hii haifai ikiwa ina sharti la riba, hata kama mwenye nayo amenuia kulipa ndani ya muda. Ada maalumu ya huduma haina ubaya. Asilimia inayokatwa unapotolea fedha taslimu ni riba.

Wapo wanazuoni wanaomruhusu mwenye haja aliye na uhakika wa kulipa mapema. Siwabezi. Lakini uhakika wako wewe unatoka wapi? Bumu, ile pesa ya kujikimu ya chuo, linachelewa, na chuo kikifunga wateja wako wamerudi makwao Tukuyu na Makambako. Hapo taarifa ya benki itakwambia ulipe walau kiasi kidogo, tuseme 60,000. Usidhani umehurumiwa: 1,140,000 zilizobaki ndizo zitakazozaa.

Kwa sasa deni ni wajibu, lilipwe. Siku 45 hazijaisha, basi kila shilingi ya biashara ipeleke huko, hata ukiuza kwa faida ndogo. Ikipungua, mwombe mjomba au ndugu wa msikitini karadha njema, yaani mkopo usio na nyongeza, na muandikiane, kama inavyoelekeza aya ya 282 ya Suratul Baqara. Ikishindikana, iuze kompyuta. Najua inauma, na kazi za chuo ni nyingi.

Muda ukikupita na riba ikakufikia, ilipe huku unaichukia ili mkataba uishe, na ulete tauba. Kisha nenda tawini uifunge kadi, upewe maandishi. Kuikata kwa mkasi hakuvunji mkataba, na ada ya mwaka inaweza kuendelea kuandikwa juu yako. Nilivyosema hapa vinaihusu pia mikopo ya simu mnayobonyeza usiku hosteli; ile wala haina siku 45, makato huanza palepale.

Wallahu a'lam.