Mama anazima alamu, dawa hanywi

Pole, ndugu. Umesema umemwekea mama alamu ya dawa za presha kwenye simu, naye anaizima na kuendelea kukuna nazi. Alamu haina mtu nyuma yake, bwana. Kenya kuna utafiti uliochapishwa 2010: watumiaji wa ARV walitumiwa meseji moja kwa wiki, "Mambo?" tu. Unajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48; ukisema shida au ukinyamaza, mhudumu wa kliniki anakupigia. Waliotumiwa walifuata dawa vizuri kuliko wenzao. Basi mwambie mjukuu anayependwa aandike: "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Dawa asizitaje kila siku. Bibi akijibu shida, mpigie hapo hapo; huenda vidonge vimeisha na anaona haya kukuomba hela.