Maswali ya Wasomaji: Eti Nairobi hadi New York ni masaa 7?

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu kajifungua huko New York na nimekatiwa tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, mwezi wa saba. Imeandikwa naondoka 23:25 nafika 06:25, nikihesabu napata masaa 7, lakini jirani yangu ashawahi kwenda anasema ni 14. Nani mkweli? Na ni mbali kiasi gani? Nauliza kwa sababu natumia dawa za presha. – Nyanya mpya, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam mama, hongera sana kwa mjukuu! Jirani yako ndiye mkweli. Kwenye tiketi kila saa inaandikwa kwa saa za mji wenyewe, kwa hiyo hiyo 23:25 ni ya Nairobi, yaani saa tano na dakika 25 usiku kwa hesabu yetu, na 06:25 ni ya New York, kwao ni kumekucha saa kumi na mbili na dakika 25. Mwezi wa saba wao wako nyuma yetu kwa masaa 7, basi chukua yale 7 uliyohesabu uongeze haya 7 unapata 14 kamili. Ungeenda Januari tofauti ingekuwa 8, maana wenzetu wanasogeza saa zao Machi na Novemba na sisi hatugusi.

Umbali ni karibu kilomita 11,800. Ndege ikishatulia juu inakimbia karibu kilomita 900 kwa saa, lakini kuna kupaa, kuna kushuka, na mkiwa juu ya bahari mnakutana na upepo wa huko juu unaovuma kutoka magharibi, mnaenda mkipambana nao. Usishangae pia ukiona kwenye skrini ya kiti ndege inapanda kaskazini badala ya kunyoosha kuelekea Mauritania kama ramani ya ukutani inavyoonyesha. Chukua mpira uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York, utaona njia fupi inapitia Sudan Kusini, Chad, jangwani Algeria, Morocco, ndipo Atlantiki. Dunia ni duara mama, ramani ndio bapa.

Hii ndege ya moja kwa moja ilianza Oktoba 2018, kabla ya hapo ilikuwa lazima ubadilishe njiani, na kwa mtu wa presha mimi naona walichokufanyia wanao ni kitu kizuri sana hata kama bei ilikuwa juu. Dawa weka kwenye mkoba wa mkononi, usizitie kwenye begi la chini, na kabla hujasafiri muulize daktari wako umeze saa ngapi maana masaa yatakuruka. Kunywa maji, inuka utembee kila baada ya muda.

Tahadhari nyingine, tiketi ya kurudi iangalie vizuri. Ikiandikwa kwa mfano Jumamosi 00:40, hiyo ni usiku wa kuamkia Jumamosi, uwanjani unatakiwa Ijumaa jioni. Shangazi yangu alikwenda Jumamosi usiku akakuta ndege iliondoka usiku uliotangulia, alilia sana.

Na uwaambie wa nyumbani, ukitua huko alfajiri Mombasa itakuwa saa saba na dakika 25 mchana, kwa hiyo asubuhi wasipopata simu yako wasiingie hofu, bado uko angani.