Mnaoanza kutengeneza gemu ya VR ya maharamia, anzeni na mikono ya mhusika

Jamani wadogo zangu mnaoingia kwenye gemu za VR, zile za kuvaa hedseti machoni ukajiona uko ndani ya mchezo, naona wengi mnakuja na wazo la bahari na maharamia, na hasa wanawake maharamia, na mimi nafurahi kweli kwa sababu huu ni mwaka wa tatu niko kwenye kazi hiyohiyo, tuko watu wanne tu na gemu yetu inamhusu Zheng Yi Sao, yule mama aliyeitawala bahari ya kusini mwa China kuanzia 1807 mpaka 1810. Nawaandikia mambo ambayo sisi tumeyajua kwa kupoteza miezi, ili nyie msiipoteze.

Nianze na kosa letu kubwa kabisa. Demo yetu ya kwanza, yaani kipande cha kujaribisha watu, ilikuwa upanga. Unavaa hedseti, uko juu ya sitaha, maadui wanapanda, wewe unakata tu, na ule upanga tuliutengeneza vizuri, ukigonga kitu kontrola, kile kifaa unachoshika mkononi, inatetemeka, sauti inatoka upande uleule. Tukaita watu waje wajaribu. Walicheza robo saa, wakatoka jasho, wakavua hedseti, halafu dada mmoja akauliza, sasa huyu mwanamke mwenyewe ni nani? Lile swali lilinikaa. Robo saa nzima dada wa watu yuko ndani ya mwili wa Zheng Yi Sao, anaona kwa macho yake, anashika kwa mikono yake, na bado hawajajuana.

Kwenye gemu ya kioo cha kawaida mhusika unamwona, unamwona uso, nguo, anavyotembea. Kwenye VR humwoni, wewe ndiye yeye, na kitu cha mwili wake unachokiona muda wote ni ile mikono miwili hapo mbele. Kwa hiyo kabla hujafungua Unity au Godot au programu yoyote unayotumia kutengeneza gemu, kaa na daftari ujiulize, huyu mtu wa kweli, kutwa nzima, mikono yake ilikuwa inafanya kazi gani? Hilo swali moja lingetuokolea miezi saba.

Tukarudi kusoma upya. Kwanza Zheng Yi Sao wala si jina lake la kuzaliwa, maana yake ni mke wa Zheng Yi, ni kama huku kwetu mtu anavyoitwa Mama Asha mpaka anazeeka na majirani hawajui kwao alipewa jina gani. Alizaliwa karibu na 1775 huko Guangdong, jimbo la kusini mwa China, akaolewa na Zheng Yi, kiongozi wa maharamia, 1801. Mwaka 1805 makundi ya maharamia yaliyokuwa yanapigana yenyewe kwa yenyewe yakaweka mkataba, kila kundi na bendera ya rangi yake, nyekundu, nyeusi, nyeupe na kadhalika, na chini ya huo muungano kukawa na watu makumi ya maelfu. Novemba 1807 mume akafariki. Mjane akaushika muungano wote, akamweka Zhang Bao juu ya kundi la bendera nyekundu, huyu ni kijana aliyetekwa akiwa mtoto wa mvuvi na Zheng Yi akamfanya mwanawe, na baadaye yeye na huyo mjane wakaoana.

Sasa sikilizeni pesa ilivyokuwa inaingia maana hapa ndipo gemu yetu ilipogeuka. Majahazi ya chumvi yaliyokuwa yanakwenda Guangzhou, mji mkuu wa jimbo hilo, yalilipa ili yapite salama, nahodha anapewa hati, akikutana na maharamia wa bendera yoyote anaionyesha na hawamgusi. Na nyara zote zilikuwa lazima ziandikwe kwenye daftari kabla ya kugawanywa, aliyeteka anachukua asilimia 20 na asilimia 80 inaingia ghala la wote, na ukiiba ghalani unauawa. Yaani utawala wao ulisimama kwa hesabu na karatasi. Zile hati zilikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu alijua zitaheshimiwa, na kuwafanya maelfu ya wanaume wenye silaha waziheshimu, hiyo ndiyo kazi iliyonishangaza mimi kuliko upanga wowote.

Basi tukatengeneza meza. Uko chumbani, mbele yako kuna karatasi, wino mwekundu na muhuri, na nahodha wa chumvi kasimama anakutazama. Unachukua muhuri, unauchovya, unaupeleka juu ya karatasi. Hapo ukichelewesha mkono yule nahodha anaanza kubadilika uso, anaangalia mkono wako, anameza mate. Ni watu wale wale wa demo ya upanga tuliowaita tena, na safari hii walinyamaza kabisa, kaka mmoja aliushikilia muhuri hewani karibu dakika nzima anamwangalia tu yule nahodha. Mbinu ndogo hapa ni uzito. Kontrola haina uzito wa kitu unachokishika kwenye gemu, kwa hiyo muhuri mzito tumeufanya uchelewe kidogo nyuma ya mkono na mtetemo uwe mzito ukigusa meza, na ubongo unakubali kabisa kwamba kitu ni kizito. Jaribuni, ni kazi ya siku mbili na faida yake ni kubwa.

Upanga tumeubakisha, ila mara moja tu, pale Novemba 1809 walipozingirwa kwenye ghuba ya Tung Chung, kisiwa cha Lantau, meli za Wareno wa Macau na za Qing, serikali ya China ya wakati huo, zimeziba njia, boti zilizowashwa moto zikatumwa kuwachoma, upepo ukageuka, na mwisho wakatoka.

Jambo lingine ni vipimo. Kuna mtu wa meli ya Kiingereza anaitwa Richard Glasspoole, alitekwa na maharamia hawa Septemba 1809 akaachiwa Desemba baada ya kulipiwa, na aliyoyaona aliyaandika. Anasema kila mwanamume alikuwa na kasehemu kake ka futi nne kwa nne, hapo ndipo anaposhindilia mke na watoto. Futi nne ni kama mita 1.2. Sisi tulikuwa tumejenga vyumba vikubwa vya kupendeza kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta chumba kidogo kinaonekana kibaya, lakini VR inapima kwa mwili wako, ukijenga mita 1.2 mtu anakunja mabega mwenyewe bila kuambiwa. Tulibomoa vyote tukajenga kwa kipimo cha Glasspoole, tukaweka sufuria, nguo za mtoto, mkeka, na meli ikawa nyumba za watu. Jengeni kwa kipimo halisi tangu siku ya kwanza tafadhali, kurekebisha baadaye kunauma, unagusa kila kitu.

Tuje kwenye kichefuchefu, maana gemu ya meli kwenye VR ni mtihani. Macho yanasema unayumba, sikio la ndani linasema umesimama sebuleni, na mwili unaamua kutapika. Toleo letu la kwanza sitaha ilipanda na kushuka kama bahari ya kusi na hakuna aliyemaliza dakika kumi. Mimi nimekulia Tanga, marehemu babu yangu alikuwa nahodha, na alikuwa anatuambia ukianza kuona kizunguzungu usitazame ngamani, yaani chini tumboni mwa chombo, tazama mwisho wa bahari. Dawa ni hiyohiyo. Sitaha iache itulie chini ya miguu ya mchezaji, mstari wa upeo wa macho uonekane na usiyumbe, halafu mwendo uuonyeshe kwa vingine, taa inayoning'inia, kamba, maji ubavuni, sauti ya mbao. Kugeuka kuwe kwa hatua hatua. Usimsukume mchezaji kwa kijiti cha kontrola ila pale ambapo hakuna njia nyingine, na hapo pembe za macho uzifunike giza kidogo. Kupanda mlingoti kwa kushika kamba mkono baada ya mkono kunawasumbua wachache kuliko kutembea, nadhani kwa sababu mwili unaelewa nani anaupeleka.

Na gemu isikwame. Hedseti za kujitegemea, zisizohitaji kompyuta, zikienda fremu 72 kwa sekunde, yaani picha 72, una milisekunde 13.9 hivi za kuchora kila fremu, macho yote mawili humo humo, ukitaka 90 unabaki na 11.1. Bahari inayong'aa na kupitisha mwanga itazila zote. Sisi tulifanya usiku na ukungu, maji yakawa meusi yasiyopitisha mwanga, na mwanga wa chumbani tukauchora kabisa kwenye kuta badala ya kuukokotoa kila fremu.

Kwa wa pwani wenzangu, msije mkajenga jahazi la kwetu mkaliita la Kichina. Nilikaribia kulifanya hilo kwa sababu mkono umezoea foromali na tanga la pembe tatu. Tanga lao lina mbavu za mianzi, likishushwa linakunjika kama pazia la dirisha, na ngama yao imegawanywa kwa kuta zisizopitisha maji. Wanachora macho kwenye omo, yaani mbele ya chombo, kama mtepe wa zamani, lile jahazi la kushonwa la pwani yetu, ulivyokuwa na macho, na hilo nilipoliona nilifurahi sana.

Takwimu pia muwe macho, mtandaoni idadi ya meli zake inapanda kila mtu anapoisimulia. Mimi nimeshika hesabu ya siku ya kujisalimisha, Aprili 1810, kwa sababu waliohesabu walikuwa wanapokea vitu mkononi, watu 17,318, majahazi 226, mizinga 1,315.

Na hiyo Aprili ndiyo mwisho wa gemu yetu. Mazungumzo ya kujisalimisha yalikuwa yamekwama, Zheng Yi Sao akaamua kwenda mwenyewe Guangzhou kwa gavana mkuu Bai Ling, bila silaha, ameongozana na wanawake na watoto 17, na akatoka na masharti mazuri, Zhang Bao akapewa cheo cha jeshi na akaachiwa baadhi ya majahazi. Tulimnyang'anya mchezaji kila kitu, hana upanga, hana muhuri, mikono mitupu anatembea kuelekea kwenye mlango wa gavana. Wengi kwenye majaribio mkono ulienda kiunoni kutafuta upanga. Ila yule dada aliyeuliza swali siku ya kwanza, yeye alishusha mkono pembeni akajaribu kumshika mkono mtoto aliyekuwa anatembea naye, na mtoto hakuitika kwa sababu hatukuwa tumemtengenezea. Tulisimamisha kila kitu kingine wiki mbili, tukamtengeneza yule mtoto, sasa ukimshika anakushika.